Kila Kikombe Mahali Pake

Mariakani,
Ijumaa, 1 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hii ni nakala ya tatu; mbili za kwanza nimezichana kwa sababu zilikuwa na makosa. Natumaini itakufikia kabla watoto hawajajaa nyumbani.

Kalume ameniambia kwamba likizo hii simu zote za nyumbani zinawekwa kikapuni asubuhi na hazitolewi hadi usiku, na kwamba anayetaka kuzungumza nawe aandike barua. Nilidhani kaka anatania. Lakini nimekupigia simu ya video siku nne, angalau nikuone uso, na siku zote nne haikupokelewa. Basi naandika. Najua wazo hili si lako. Ni la mkewe.

Siwezi kuja, Mama. Niko kwenye majaribio ya kazi mpaka tarehe 15 Septemba, na karani aliye kwenye majaribio hana likizo. Kazi yangu ni pale kwenye lango la kiwanda la kupokelea maziwa: kila lori linalofika naandika saa na dakika, naandika maziwa yana baridi kiasi gani, natia sahihi. Ni kazi ndogo, lakini nikikosea tarakimu moja maziwa ya watu yanaweza kumwagwa. Mkuu wetu, Bw. Hesbon, huvaa viatu visivyo na sauti. Ukigeuka unamkuta nyuma yako anasoma. Usiku naota tarakimu.

Huu ni Agosti wa kwanza ambao mimi sipo, na watoto wa ukoo ni kumi na mmoja pamoja na mdogo wetu Purity. Kwa hiyo nakumbusha. Filimbi iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Benchi refu likae palepale kwenye mlango wa jikoni, watoto wasubiri hapo zamu ya kuoga. Chakula kwenye masinia mawili, mkekani, wakubwa upande wa mlango. Anayemaliza mwisho anaosha. Bila hivyo watakushinda.

Barua atakuletea Kitsao, dereva wetu anayepeleka maziwa ya pakiti huko Malindi kila Jumanne na Ijumaa. Ukimpa majibu atanifikishia.

Mwanao,
Kache


Barani, Malindi,
Jumanne, 5 Agosti 2025

Mwanangu Kache,

Marahaba. Anayeandika ni wifi yako Cherop, maneno ni yangu. Vidole vimekakamaa kwa huu upepo wa kusi, usihangaike.

Barua yako imefika ikinuka maziwa. Tumeifurahia.

Filimbi tumeipumzisha. Benchi lako tumelitoa nje, liko chini ya dirisha la choo, kuku wamelipenda. Usikasirike. Miaka ishirini na sita nimefundisha chekechea na kila Agosti nimekuwa nikipiga kelele nyumbani kama niliyesahau kutoka kazini. Mwaka huu nimetaka kukaa.

Saa kumi kamili tunakunywa chai mezani, sote. Kitambaa cheupe, ukingo umefumwa kwa uzi mnene, nami hupenda kuupitisha vidoleni. Vikombe kumi na tano, kila kimoja na mahali pake. Kiti kikishawekwa hakisogezwi. Ndani ya nyumba hakuna kukimbia. Mtu akitaka kusema hutaja jina lake kwanza: "Mimi Purity, nina neno." Basi sote tunamsikiliza mpaka amalize. Cherop akiweka chakula hutuambia kilichopo na kiko upande gani, kisha ndipo tunakula. Kwenye mlango wa chumba changu kuna sahani ya asumini kutoka kwa wale kina mama wauza maua wa Shella, na kwenye mlango wa jikoni chungu cha rihani. Nyumba inanukia kama ya arusi.

Yule mdogo wa Magarini, mkorofi kuliko wote, jana alisema: "Mimi Dena, nina neno. Sina neno." Tulicheka hadi chai ikapoa.

Kula vizuri. Usiogope viatu vya mtu.

Mama yako


Mariakani,
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Hii naomba uisome peke yako. Usimpe mtu.

Sikulala vizuri. Nimeiona barua yako na kitu cha kwanza nilichokiona ni mwandiko wa Cherop. Mwandiko wako naujua tangu ule ubao wa "a, e, i, o, u". Sikujua ningefikia siku ya kuitwa "mwanangu" kwa mkono wa mtu mwingine.

Niruhusu niseme. Huyu mtu ana miezi sita tu nyumbani kwetu. Amekuja na mambo ya kwao, huko kwenye mashamba ya majani ya chai, na sasa watu wa Barani wanataja majina mezani kama wako bungeni. Anatangaza chakula kama mhudumu wa hoteli za Wataliano. Asumini mlangoni ni ya bibi harusi, na bibi harusi ni yeye. Wewe umetiwa humo kama pambo lake. Sisi tulikuwa tunakula kwa vurugu na tulikuwa na furaha. Au furaha ile niliiona mimi peke yangu?

Halafu vikombe. Nimehesabu. Watoto kumi na mmoja, wewe, Cherop, na Kalume akija mwisho wa wiki kutoka Kilifi: kumi na wanne. Kikombe cha kumi na tano ni cha nani? Hata kuhesabu watu wa nyumba hajui, ilimradi meza ionekane imejaa.

Kuna jambo nimelificha tangu Machi. Siku niliyoondoka, pale stendi, nilitoa kichwa dirishani nikakuita. Ulipunga mkono, lakini hukunitazama. Uso wako ulikuwa umeelekea kwa Cherop. Basi likaondoka nami nikalia mpaka Kilifi, na abiria wa kando yangu akanipa korosho akidhani nimefiwa.

Niambie ukweli, Mama. Nani sasa ndiye mkono wako wa kulia?

Kache


Barani, Malindi,
Jumanne, 12 Agosti 2025

Mwanangu Kache,

Marahaba. Uliyoniambia nisome peke yangu nimeyasikia yote, tangu bunge hadi korosho.

Wifi yako anaandika ninachomwambia, haongezi wala hapunguzi. Nilimwambia akitaka apumzike kidogo kabla ya kuandika jibu. Amesema hapana.

Huniulizi, unanishtaki. Nitakujibu siku nitakayokuwa tayari. Kwa sasa nakuomba jambo moja: maliza majaribio yako. Usiwaze nyumba. Nyumba inatembea, polepole, lakini inatembea.

Mkono wa kulia ni wangu mwenyewe, bado ninao.

Mama yako


Malindi, Jumanne hiyohiyo

Dada Kache,

Mimi Purity, nina neno. Sasa nimezoea, hata sokoni nimesema hivyo kwa muuza nyanya akacheka sana.

Likizo ni nzuri. Mwanzoni tulichoka na mambo ya kutokimbia lakini sasa mimi ndiye namimina chai upande wa watoto na sijamwaga hata mara moja. Cherop ametufundisha kufuma kile kitambaa, hata wavulana. Hakuna wa kupigiwa filimbi. Mama anacheka kila siku. Anakaa anasikiliza tu, mara anasema, "Dena, umekalia mguu mmoja," na kweli amekalia mguu mmoja! Hatujui anajuaje.

Cherop sasa analala chumbani kwa Mama, kitanda chako, kwa sababu Mama huamka usiku. Shuka zako amezifua.

Usimwambie mtu, Mama amesema nisikuandikie mambo mengi.

Purity


Mariakani,
Ijumaa, 15 Agosti 2025

Purity mdogo wangu,

Barua hii ni yako peke yako. Kitsao atakupa mkononi.

Nafurahi kwamba unamimina chai. Lakini wewe una miaka kumi na mitatu, nawe unakumbuka nyumba ilivyokuwa kabla ya haya yote. Sisi ndio wenye nyumba ile. Mgeni akizoea sana hujiona mwenyeji, na mwenyeji akinyamaza hugeuka mgeni.

Jumapili Cherop na Kalume wakienda kanisani, fanya hivi, kwa utaratibu huu:

Ondoa kile kitambaa, ukikunje vizuri. Meza isukumeni ukutani. Tandikeni mkeka na masinia mawili. Rudisha benchi langu ndani, kwenye mlango wa jikoni, palepale lilipokuwa. Chungu cha rihani kitoe nje. Mwisho piga filimbi, mwite Mama aje aone.

Mwambie ni zawadi yangu. Mwambie Kache ameiandaa nyumba akiwa mbali. Kisha niandikie alivyofanya uso wake alipoiona. Nataka kujua uso wake tu.

Dada yako,
Kache


Malindi,
Jumanne, 19 Agosti 2025

Dada Kache,

Nilifanya yote. Nilifuata utaratibu.

Mama alikuwa chumbani. Niliwasha jiko, nikapika chai ili zawadi ikamilike, nikaiacha kwenye birika jikoni. Nikapiga filimbi. Watoto wote wakashangilia, wakaanza kukimbia kama zamani. Mama alitoka akasimama kwenye asumini akasema, "Nini hiyo? Nani ameleta hiyo filimbi?" Nikasema ni zawadi ya Kache. Akatabasamu. Akasema, "Basi ngoja nichukue chai yake," akaenda jikoni, haraka kidogo, kama anavyoenda siku zote sasa. Mimi nilikuwa namtazama uso, kwa sababu ulisema nitazame uso.

Dada, hakuliona benchi. Lilikuwa mbele yake kabisa, na kulikuwa na jua.

Ameanguka mbele yetu sote. Mkono wa kushoto umevunjika, hapa juu ya kiganja, wamemfunga plasta. Lakini si hilo. Alipokuwa chini alianza kupapasa sakafu na ule mkono mzima, anauliza, "Niko wapi? Huu ni mlango gani? Mbona hapanuki rihani?" Watoto wakaacha kukimbia. Dena akasema, "Bibi haoni." Mama akasema, "Sema jina lako kwanza." Halafu akalia. Mimi sijawahi kumwona Mama akilia.

Sijamwambia mtu kwamba ni wewe uliyeniandikia. Lakini Cherop aliiona barua yako mfukoni mwangu. Hakuisoma. Alinirudishia.

Nimelitoa benchi.

Purity


Barani, Malindi,
Jumanne, 19 Agosti 2025

Wifi Kache,

Salamu. Hii ni mara ya kwanza nakuandikia maneno yangu mwenyewe, kwa hiyo nisamehe kama si mazuri. Mama ameniruhusu.

Macho ya Mama yana presha. Daktari anasema ilianza zamani, kimyakimya. La kushoto halioni kabisa. La kulia huona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akisimama hapo. Hatukukuambia kwa sababu alituapisha, Kalume na mimi. Alisema, "Kache akijua ataacha kazi siku hiyohiyo, na ile kazi ameitafuta miaka miwili." Simu ya video aliikimbia kwa sababu asingejua akutazame wapi. Akasema barua ndiyo salama, barua haina macho.

Mambo ya mezani si ya kwetu, wifi. Kwetu tunakunywa chai popote, hata tukikimbilia shamba. Lile la kutaja majina ni la Mama mwenyewe, kutoka chekechea. Ni kwa ajili ya kujua nani anasema. Asumini ni mlango wa chumba, rihani ni mlango wa jikoni. Ukingo mnene wa kitambaa unamwonyesha meza inapoishia. Mimi nilifuma tu. Alisema kama lazima apapase, basi apapase kitu kizuri. Na kama lazima nyumba nzima iende polepole kwa ajili yake, basi watoto wadhani ni fahari, wasijue ni msaada. Kweli walidhani ni fahari. Hata mimi nilianza kusahau.

Sasa kuhusu ile barua yako ya tarehe nane. Mama hawezi kusoma. Mimi ndiye ninayemsomea. Nilipofika pale unaposema aisome peke yake, nilisimama nikamuuliza, "Mama, niendelee?" Akasema, "Endelea, mwanangu, tutasikia wote wawili." Nikaendelea mpaka mwisho. Sikuruka kitu. Pale pa bibi harusi alinipa maji.

Pale stendi mwezi wa tatu, hakuwa akinitazama. Alikuwa akifuata sauti yangu. Mabasi yalikuwa matatu, na mimi nilikuwa nikimwambia, "Liko kushoto kwako, Mama. Sasa linaondoka. Punga." Ulipomwita kulikuwa na honi nyingi, hakujua umeita kutoka wapi. Tuliporudi alikuwa akiuliza njia nzima, "Aliniona nikipunga?"

Na kuhusu vikombe. Najua kuhesabu. Cha kumi na tano ni chako. Kiti chako kiko kulia kwa Mama, cha pili kutoka dirishani, na hakuna anayekikalia. Kila saa kumi Mama huanza kwa kugusa kikombe chako kabla ya kushika chake. Nami nakwambia ukweli, kwa kuwa wewe pia umesema ukweli: mara nyingine kile kikombe kitupu kimeniuma. Nipo hapo, mkono wangu uko karibu, na yeye anaanza kwa kisichokuwepo.

Mama ana mistari yake hapo chini. Ameiandika mwenyewe, nimemwekea rula tu.

Wifi yako,
Cherop

*Kache usije kwa hofu. Njoo ukipata ruhusa. Maliza kazi. Mistari ikipanda juu ya mingine nisahihishie kama nilivyokusahihishia. Mama*


Mariakani,
Ijumaa, 22 Agosti 2025

Wifi Cherop,

Tafadhali hii isome kwa sauti, saa kumi, mezani, watoto wote wakiwepo. Usiruke kitu. Najua huruki.

Mama, shikamoo.

Watoto, benchi lile aliliweka Purity lakini nililirudisha mimi. Yeye alikuwa mikono yangu tu. Purity, usilie tena. Nilikuagiza uutazame uso wa Mama, na mimi mwenyewe nimeukosa tangu Machi.

Nililirudisha kwa wivu. Niliandika mengine mengi, ya zawadi kwa Mama, ya wenyeji na wageni, lakini chini ya yote kulikuwa na hilo. Nilisikia kwamba Mama anacheka bila mimi na nikataka kicheko kile kikome kidogo, kinisubiri. Sikujua kitakoma vile.

Jumatano nilibisha hodi ofisini kwa Bw. Hesbon. Miezi mitano nimepita mbele ya mlango ule kwa ncha za vidole. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi niliyotaka kusema, nikaisoma mbele yake. Akaniuliza, "Mama yako haoni tangu lini?" Nikasema sijui. Akaningoja, kama anavyoningoja lori likikosa saa yake kwenye fomu. Naandika kila lori limefika saa ngapi na dakika ngapi; giza la mama yangu sikujua limeingia lini.

Amenipa Jumamosi na Jumapili. Sikuomba zaidi, kwa sababu Mama amesema nimalize, nami nitamaliza. Ningeweza kupanda na Kitsao leo hii. Nimeona heri barua itangulie, Mama asishtukizwe tena kwa zawadi yangu.

Wifi, nimeandika neno samahani mara nyingi na kulikata, kwa sababu peke yake lingekuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni hii: bado nina wivu. Kwamba umelala kitandani kwangu na kumsikia akiamka. Kwamba ulimsomea matusi yangu na yeye akakupa maji, wewe, na ilikuwa haki. Kwamba unajua mambo ya mama yangu ambayo mimi nimeyajua kwa barua. Wivu huu sijui niuweke wapi. Lakini nimesoma kwamba hata wewe una wako, wa kikombe kitupu, na usiku wa jana nimelala. Labda tunaweza kuuweka mezani pamoja, wako kando ya wangu kama vikombe, usisogezwe bila kuambiana.

Mama, mistari yako miwili ya mwisho imepandana. Sikuisahihisha.

Kesho nitaingia kwa mlango wa jikoni, palipo na rihani. Nitatembea polepole. Filimbi mnipe nije nayo huku kazini, bawabu wetu ameitamani. Kitanda usikihame kwa ajili yangu, wifi. Nitalala mkekani, katikati yenu. Kiti cha pili kutoka dirishani nitakikalia kilipo, nikisubiri zamu yangu, na chai ikishamiminwa nitasema kama wengine:

Mimi Kache, nina neno.